Michezo ya pariti bado haijatatuliwa jamani

Kuna makala inasema swali la michezo ya pariti, michezo isiyoisha kwenye grafu (nodi, yaani vituo, zilizounganishwa kwa mishale), kwamba je, kompyuta inaweza kumjua mshindi haraka, "lilimalizwa" 2017, hapana bwana, tusidanganyane. Kilichotokea 2017 ni kwamba Calude, Jain, Khoussainov, Li na Stephan walileta algoriti ya muda wa kwazi-polinomia (karibu na polinomia), yaani n inapandishwa kipeo cha kama log d hivi (n ni idadi ya nodi, d ni idadi ya namba tofauti kwenye grafu), hatua kubwa sana ile, ila algoriti ya polinomia yenyewe (n kwa kipeo kisichobadilika) hadi leo hakuna aliyeipata wala aliyethibitisha kwamba haipo.

Kwa ambao hawajaelewa mchezo: wawili wanasukuma kete moja kwenye mishale bila mwisho, kila nodi ina namba na mchezaji anayeimiliki, ndiye anayechagua mshale, ukiangalia namba kubwa kuliko zote inayojirudia milele, ikiwa shufwa anashinda huyu, witiri yule. Mfano nodi ya 4 inaenda 3 na 3 inarudi 4, hapo shufwa kashinda, lakini 3 ikiwa na mshale wa kujirudia yenyewe na ni ya mpinzani wa witiri, basi anakaa palepale 3,3,3 na umeisha.

Utamu wake ni kwamba mshindi hahitaji kukumbuka alikopita, mshale mmoja kwa kila nodi unamtosha, kwa hiyo mkakati unahakikiwa chapchap kwa pande zote mbili, ndo maana swali liko NP (jibu la ndiyo linahakikiwa haraka) na pia coNP (la hapana vilevile), na wengi hatuamini kama ni NP-kamili (kati ya magumu kuliko yote ya NP). Halafu cha kuchekesha, algoriti ya zamani ya Zielonka ambayo kwenye karatasi ni ya muda wa kipeo, yaani mbaya kuliko kwazi-polinomia, ukiirun kawaida inazipita kwa kasi hizo mpya.