Mpe Senta Mpira Kabla Hujamlaumu kwa Ribaundi

Kila anayefuatilia mpira wa kikapu ameyasikia malalamiko haya: senta, yule mrefu anayecheza karibu na ringi, asipopewa mpira kwenye kushambulia, anasusa kwenye kulinda. Harudi kwa kasi, hanyanyui mikono, ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, zinampita juu ya kichwa naye kasimama. Halafu siku akifunga pointi ishirini, unamkuta kila kona ya uwanja kama aliyeongezewa mapafu. Wengi hufunga mjadala hapo kwa kusema masenta ni wavivu na wabinafsi. Mimi nilicheza pointi gadi kwa miaka kadhaa, kazi yangu ikiwa ndiyo hiyo ya kuamua nani apate mpira, na hukumu hiyo naikataa. Jambo lenyewe lipo, silikatai. Ila naamini tunalisoma kombo. Kinachomwamsha senta si pointi. Ni mpira kupita mikononi mwake.

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Timu yetu ilikuwa na senta mrefu kuliko sote, mtu mpole, mwenye mabega mapana. Mechi moja tulishambulia mara sita mfululizo bila kumpa mpira. Kila mara alikuja juu akapiga skrini, yaani akamzuia mlinzi kwa mwili ili mwenzake apite, akageuka, akakimbilia ringi mkono ukiwa hewani, na kila mara nikapeleka mpira pembeni. Mara ya saba mwenzetu alirusha, akakosa, wapinzani wakadaka na kuondoka. Nikageuka kukimbia. Katikati ya uwanja nikampita senta wetu. Gadi kumpita senta si ajabu, lakini baada yangu akapitwa na senta wao, jamaa mzito kuliko yeye, ambaye alienda kuweka mpira kikapuni bila hata mkono mmoja mbele yake.

Kocha akaomba mapumziko, akafoka. Senta hakumtazama kocha. Alinitazama mimi. "Kaka, kwani mimi nguzo ya umeme?"

Nikamwambia, "Walikuwa wamekufunika."

"Mara zote sita?"

Alikuwa amehesabu. Nimelibeba neno lile mpaka leo, kwa sababu lilinionyesha kitu ambacho karatasi ya takwimu haikionyeshi. Mimi sikuwa nimehesabu hata moja.

Tazama kazi ya senta ilivyo. Gadi huanza na mpira mkononi, kwa hiyo hata akikosa mitupo mitano, bado anajiona yumo ndani ya mchezo. Senta husubiri. Anakimbia kutoka ringi hadi ringi, anapigwa viwiko akitafuta nafasi, anampa mlinzi mgongo na kunyoosha mkono, kisha mpira unarushwa kutoka upande mwingine na safari inaanza upya. Mwili unachoka kwa kukimbia, lakini moyo unachoka kwa kukimbia bure. Na wa kwanza kuchoka ndio huo moyo.

Sasa twende kwa wakubwa, masenta wa NBA, ligi ya Marekani, maana huko ndiko watu hunibishia. Mwaka 1961-62 Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mechi na kuchukua ribaundi 25.7. Ndio msimu aliofunga pointi 100 katika mechi moja, dhidi ya New York Knicks, pale Hershey, Pennsylvania. Kama pointi ndizo mafuta ya senta, basi ukizipunguza ungetarajia gari lizimike. Lakini ona kilichotokea Philadelphia mwaka 1966-67. Kocha Alex Hannum alimtaka afunge kidogo na agawe zaidi. Pointi zikashuka hadi 24.1, yaani chini ya nusu ya zile za 1962. Ribaundi? 24.2. Zilitikisika kidogo tu, na wakati huo alikuwa akicheza dakika chache kuliko zamani, na mchezo wenyewe ulikuwa umepungua kasi. Asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, zikafika 7.8, timu ikashinda mechi 68 na kupoteza 13, ikatwaa ubingwa.

Watu huisoma hadithi hiyo kama hadithi ya mtu aliyejinyima. Mimi siioni hivyo hata kidogo. Senta mwenye asisti karibu nane kwa mechi ni senta anayepokea mpira kila mara. Hannum hakumwondolea Wilt mpira, alimwondolea mtupo. Mpira ulipita kwake, kisha ukaenda kwa aliye wazi. Hapo ndipo pointi na mpira vinapoachana, na ndipo mabishano yetu mengi yanapopotea njia, kwa sababu tunavihesabu vyote viwili kama kitu kimoja.

Miaka mitano baadaye, akiwa Lakers chini ya Bill Sharman, Wilt alifunga 14.8 tu. Bado alichukua ribaundi 19.2 kwa mechi, timu ikashinda mara 33 mfululizo, ikachukua kombe, naye akaingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa na miaka 35. Mpira mwingi wakati huo ulianzia kwake: anadaka ribaundi, anageuka, anawarushia magadi walioshatangulia mbele. Huko nako ni kuguswa na mchezo.

Kisha kuna Shaquille O'Neal, au Shaq, senta wa Lakers wa miaka ya baadaye, ambaye ndiye mfano wanaoupenda wale wanaosema senta hulinda kwa malipo. Msimu wa 1999-2000 alikuwa mtu mwingine kabisa: pointi 29.7, ribaundi 13.6, bloku (mitupo aliyoizuia hewani) 3 kwa mechi, Lakers wakashinda mechi 67, na alikaribia kuwa mlinzi bora wa mwaka. Msimu uliofuata, timu ilipoyumba na mwenzake Kobe Bryant akawa anashika mpira zaidi, Shaq alisema waziwazi mbele ya waandishi kwamba kama mbwa mkubwa si yeye, nyumba haitalindwa. Maneno yale yalinukuliwa sana, na mpaka leo hutumiwa kama ungamo la uvivu.

Lakini angalia namba zake za msimu huo. Alimaliza na pointi 28.7. Ameshuka pointi moja! Hakuna mtu mzima anayegombana na timu nzima kwa pointi moja. Alichokuwa akilalamikia ni njia ya mpira, nani auguse kwanza kabla ya mambo mengine kuanza. Mambo yalipotulia, Lakers walipoteza mechi moja tu katika mtoano wote wa 2001, na Shaq akawa na wastani wa pointi 30.4 na ribaundi 15.4. Sisemi kauli yake ilikuwa sahihi. Mchezaji anayelipwa kulinda anapaswa kulinda, na ningekuwa mwenzake ningeumia kuisikia hadharani. Ila alikuwa mkweli kuliko masenta wengi wanaosusa kimyakimya kisha wakasingizia goti.

Upande wa ribaundi kuna suala jingine ambalo halihusu moyo kabisa, nalo ni mahali mtu aliposimama. Senta anayerusha kwa kurudi nyuma, akiruka mbali na ringi, hawezi kuwania mpira akikosa. Anatua wakati wenzake wanagombania. Anayefunga kwa kusukuma kuelekea ringi anabaki palepale penye vita. Moses Malone ndiye aliyeligeuza jambo hili juu chini. Mwaka 1978-79 alichukua ribaundi 587 za kushambulia katika msimu mmoja, rekodi, na sehemu kubwa ya pointi zake zilizaliwa humohumo, kwenye mipira iliyokoswa na wenzake au naye mwenyewe. Kwake ribaundi ndizo zilizozaa pointi. Ukimwambia Moses kwamba kufunga ndiko kunakomtia mtu hamu ya ribaundi, umelifunga gari mbele ya punda.

Na Brook Lopez huwa namkumbuka sana hapa, kwa sababu alihukumiwa vibaya miaka mingi. Mwaka 2010-11 akiwa Nets alifunga 20.4 lakini ribaundi zake zikashuka kutoka 8.6 hadi 6. Kelele zikaanza: mfungaji huyu, jitihada hana. Alikuwa ameugua kabla ya msimu, na pembeni yake alisimama Kris Humphries aliyekuwa akichukua zaidi ya kumi kwa mechi. Ruka hadi 2018-19, akiwa na Bucks wa Milwaukee. Ribaundi zake zimeshuka tena, 4.9 tu, zile za kushambulia chini ya moja, maana sasa anasimama nje ya mstari wa pointi tatu. Ukisoma karatasi peke yake utasema amekwisha. Kumbe Bucks hao ndio waliokuwa na ulinzi bora wa ligi nzima, na yeye ndiye aliyekuwa katikati yake, akimweka mpinzani mgongoni ili mwenzake Giannis Antetokounmpo adake mpira na kuondoka nao. Kumzuia mtu kwa mgongo ili mwenzako achukue ribaundi ni kazi ngumu kuliko kuichukua, na haiandikwi popote.

Kwa hiyo mtu akiniambia senta fulani amepungukiwa na jitihada kwa kuwa ribaundi zake zimeshuka, swali langu la kwanza ni: timu yake inachukua ngapi?

Liko pia suala la faulo, na hili nasikitika kwamba hatulisemi vya kutosha. Senta anayetegemewa kufunga akipata faulo mbili mapema, anaambiwa, kwa kuwa faulo zikijaa hutolewa mchezoni, na benchi lake mwenyewe asiguse mtu. Anaachia mpinzani apite, anainua mikono wima, anasogea kando. Watazamaji wanaona mzembe. Ni maelekezo. Mzigo wa pointi unamnyima ruhusa ya kulinda, na hapo kosa ni la waliomtwisha kila kitu.

Nitapingwa kwa Ben Wallace, senta wa Detroit, najua. Hakuchaguliwa na timu yoyote alipotoka chuoni, hakufikisha wastani wa pointi kumi katika msimu wowote, na bado akawa mlinzi bora wa mwaka mara nne na bingwa na Detroit mwaka 2004. Huyo alilishwa nini? Alilishwa heshima. Uwanja mzima wa Detroit ulivaa nywele bandia za afro kwa ajili yake, na timu ilijengwa kuanzia kwake kwenda mbele. Kila aliyeingia pale alijua kuwa nyumba ni ya Ben. Senta wa namna hiyo hahitaji mpira ili ajue kwamba anahesabika. Wako wachache sana, na si haki kuwachukua wao kuwa kipimo cha kila kijana mrefu.

Naye Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, anabomoa ile dhana nyingine, kwamba anayefunga sana hawezi kubaki na nguvu za kulinda. Msimu wa 1993-94: pointi 27.3, ribaundi karibu 12, bloku 3.7, mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora wa ligi, na mchezaji bora wa fainali, yote mwaka mmoja. Hajatokea mwingine. Ila zingatia jinsi Houston ilivyocheza: mpira ulianza kwake, warushaji wanne wamezagaa pembeni, na kila shambulio aliamua yeye, kufunga au kutoa. Mpira ulipita mikononi mwake kila mara.

Narudi kwa senta wetu. Baada ya lile swali lake nilibadilisha kitu kimoja tu, tena sikumwambia mtu. Shambulio la kwanza la kila robo, mpira lazima umfikie. Mara nyingi hakurusha. Alipokea kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, akashika kwa sekunde moja au mbili, akatazama, akanirudishia au akampa aliyekata kuelekea ringi. Pointi zake hazikuongezeka, na mechi nyingine zilipungua. Nilichoanza kukiangalia ni hatua zake tatu za kwanza baada ya mpira kuhamia kwa wapinzani, maana ndizo zinazosema kila kitu: zamani ya kwanza ilikuwa ya kugeuka, ya pili ya kutazama chini, ya tatu ndiyo ya kukimbia. Sasa zote tatu zikawa za kukimbia.

Makocha wengi niliowahi kuzungumza nao huandika ribaundi za senta na mitupo aliyokosa. Mmoja tu ndiye niliyemkuta anaandika mara ngapi senta alifika chini ya ringi akiwa wazi na asipewe. Safu ile ilikuwa kwenye ukurasa wa magadi.