Blenda yangu inaitwa Bi Mwanahamisi, tatizo liko wapi?

Jamani hili la kuvipa vyombo vya jikoni majina ya mabibi na mababu naona wengine mnalichukulia kama kufuru. Mimi hapa Columbus, Ohio blenda yangu inaitwa Bi Mwanahamisi, bibi mzaa baba, kwa sababu bibi alikuwa na sauti, akiamka yeye mtaa mzima Tanga umeamka. Birika la umeme ni Babu Shaaban. Babu hakuna mtu aliyewahi kumharakisha, na huku umeme wa ukutani ni volti 120 sio 230 kama nyumbani kwa hiyo birika linachemsha taratiiibu, unaliwasha unaenda kuoga unarudi bado linatafakari, yani babu mtupu.

Shangazi aliposikia akanipigia WhatsApp amefura, eti nimemgeuza mama yake kijakazi wa kusaga nyanya. Nikamwambia shangazi, kwani bibi na mjukuu si watani? Babu alikuwa ananiita mchumba mbele za watu na mimi namjibu sitaki kizee, bibi naye ananiita mke mwenza, na hakuna aliyesema nimekosa adabu. Ningeita blenda jina la mama mzazi au la mama mkwe hapo sawa mnichape, maana hao hatutaniani.

Nyumbani jina la bibi anapewa mtoto, ndo maana unasikia mtu anamgombeza mwanae alafu katikati anapoa, atamtukanaje mwenye jina la mama yake? Ila huku nani anazaa sita? Hela ya deikea, yani pa kumwacha mtoto mchana ukiwa kazini, peke yake inakaribia kodi ya nyumba. Jirani yangu Mkikuyu kafuata utaratibu wao, wa kwanza kapewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wote wa kiume, na mkewe kasema basi inatosha. Mabibi wawili wamekosa wajina hivi hivi. Mimi nina mmoja, majina yaliyobaki niyapeleke wapi?

Alafu huku kitu kikianza kukwaruza tu kinawekwa nje karibu na pipa, kwa sababu hela ya fundi inazidi ya kununua kipya. Kwetu ata pasi ya mwaka arobaini na saba inapelekwa kwa fundi, inarudi na skrubu mbili zimebaki mfukoni kwake lakini inapiga kazi. Blenda ilivoanza kunuka kuungua mume wangu akasema tupa, nikamwambia unamtupaje Bi Mwanahamisi kwenye taka? Nikaingia YouTube, nikaagiza kile kimpira cha chini kilicholika, nikabadilisha mwenyewe, leo inasaga ata tangawizi.

Mashine ya kuosha vyombo haina jina, hapo nakubali, kwetu sikumbuki mzee yeyote aliyewahi kugusa sahani chafu. Oveni nayo bado. Babu mzaa mama alikuwa mkali ila hasira zake dakika tano zimeisha, na ile oveni ukiizima inakaa na moto wake saa nzima, haimfai kabisa.