Zilipendwa za Bombay: tunamkumbuka nani?

Mjomba wangu wa Kibokoni, Mombasa, hajui Kihindi. Hawezi hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Lakini muwekee wimbo wa filamu wa miaka ya 1950 uone. Ataufuata neno kwa neno, na pale mwimbaji anapovuta pumzi, naye huvuta. Jioni hukaa barazani na redio kaseti yake, na hukumu yake haibadiliki: "Nyimbo zimekwisha, mwanangu. Siku hizi zimebaki kelele za mashine." Binti yake, aliyezaliwa wakati kaseti zinakufa, humjibu kutoka dirishani: "Baba, kila mzee husema hivyo."

Mabishano haya si ya baraza letu peke yetu. Yako Mumbai kwenyewe, ndiyo Bombay ya zamani, yako Karachi, yako Dubai, popote walipo watu waliolelewa na sauti za Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Mukesh, Kishore Kumar na Asha Bhosle. Lata alipofariki tarehe 6 Februari 2022, akiwa na miaka 92, yalizuka upya. Wapo waliolia kwamba zama za dhahabu zimefungwa mlango, na wapo waliouliza dhahabu hiyo ilikuwa ya nani. Mimi naona mjomba ana haki katika anachokisikia. Anapokosea ni pale anapoeleza kilitoka wapi.

Tuanze na haki yake. Mwaka 1949 ilitoka filamu ya Mahal. Ndani yake mna wimbo ambao mtunzi wa muziki, Khemchand Prakash, alitakiwa autilie sauti ya mwanamke inayotoka mbali, kama mzuka unaokaribia. Leo fundi angegusa kitufe mambo yakaisha. Wakati ule hapakuwa na kitufe. Lata, msichana wa kama miaka 20, alisimama mbali na maikrofoni akaanza kuimba huku anatembea, hatua kwa hatua, akipima mwendo ili afike mbele ya maikrofoni pale pale utangulizi unapokwisha na wimbo wenyewe unapoanza. Alikuja kuyasimulia mwenyewe baadaye. Usikilize wimbo huo usiku, nyumba imetulia, uone kama hutausikia ukubwa wa kile chumba. Santuri ile imebeba sauti, na umbali pia umo.

Hiyo ndiyo kazi ambayo mjomba huisikia bila kuijua. Wimbo ulirekodiwa kwa pamoja: mwimbaji, fidla, tabla, filimbi, kodiani, wote chumba kimoja kwa wakati mmoja. Mpiga fidla wa mwisho akikosea, wote wanarudi mwanzo. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika tatu na ushei tu, basi hapakuwa na nafasi ya kujazia. Na maneno yaliandikwa na washairi hasa. Sahir Ludhianvi, Majrooh Sultanpuri, Shakeel Badayuni na Kaifi Azmi walishajulikana kwenye mikutano ya mashairi ya Kiurdu kabla sinema haijawaajiri. Mtu wa pwani aliyelelewa na vina na mizani hahitaji mkalimani wa kumwambia kwamba pale pana shairi.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba kupenda nyimbo hizi ni kupenda ujana tu, simkubalii. Nawajua watoto wa juzi wanaozililia. Upo ufundi uliozaliwa na namna ile ya kufanya kazi, na namna ile haipo tena. Siku hizi mwimbaji huja peke yake, huimba mstari mstari, na wapigaji ama walikuja juzi ama hawakuja kabisa. Kinachotoka chaweza kuwa kizuri, na mtunzi A. R. Rahman amelionyesha hilo tangu mwaka 1992. Ila ni kitu kingine.

Sasa nimgeukie binti wa mjomba, kwani hoja zake si za utoto.

Anasema tunakumbuka zilizobaki. Kweli. Miaka ile Bombay ilitoa filamu za Kihindi mia moja na kitu kila mwaka, na kila moja ilikuwa na nyimbo saba au nane. Nyingi kati ya nyimbo hizo zilikufa siku filamu ilipoondolewa sinemani. Tunachukua mchele uliopepetwa kwa miaka sabini, tunaulinganisha na mpunga wa jana ulio na pumba zake.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa zamani huwa hawalisemi: hizi nyimbo tunazoziita safi zilitukanwa zilipokuwa mpya. Mwaka 1952, B. V. Keskar, waziri wa habari na utangazaji wa India, alizibana nyimbo za filamu kwenye redio ya taifa. Aliziona za kihuni, zilizochafuliwa na muziki wa Magharibi, akataka wananchi wasikilize raga, muziki wa jadi wa Kihindi. Wananchi wakageuza mshale wa redio kuelekea Radio Ceylon, redio ya nchi inayoitwa leo Sri Lanka, ambako mwaka huo huo Ameen Sayani alianza kipindi cha nyimbo za filamu, Binaca Geetmala, kikawa ibada ya kila wiki. Serikali ilipochoka kushindwa, mwaka 1957 ikafungua Vividh Bharati, idhaa yake yenyewe ya nyimbo hizo. Kelele za mheshimiwa Keskar ndizo dhahabu ya mjomba wangu. Na hata lile shtaka la kuiga halikuwa la uongo. Salil Chowdhury, mtunzi ninayempenda kuliko wengi, aliuchukua mwanzo wa simfoni ya 40 ya Mozart akaugeuza wimbo wa mapenzi mwaka 1961.

Mapenzi ya zamani pia huzidisha chumvi. Mwaka 1974 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliandika kwamba Lata ameshaimba nyimbo zisizopungua 25,000 tangu 1948. Watu bado wanaitaja idadi hiyo kama aya. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya nyimbo 900 kila mwaka, miaka 26 mfululizo. Ukirudi kwenye hesabu ya filamu hapo juu, utakuta angelazimika kuimba karibu kila wimbo uliotoka, wa kike na wa kiume. Rafi aliipinga rekodi ile, na waliokaa wakazihesabu santuri moja moja walipata idadi ndogo mno kuliko hiyo. Lata hakuhitaji kuongezewa kitu. Wimbo ule mmoja wa 1949 ungemtosha.

Lakini jambo linaloniuma mimi halimo katika hoja za mjomba wala za binti yake. Wote wawili wanabishana juu ya sauti. Wale waliozifanya hizo nyimbo, nani anawataja?

Ule wimbo wa Mahal, santuri yake ya kwanza haikuandikwa jina la Lata. Iliandikwa Kamini, jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala. Mwimbaji halisi hakuwapo. Wasikilizaji walipouliza redioni ni nani huyo, ndipo jina likatoka. Khemchand Prakash alifariki mwaka 1950, filamu yake haijatimiza hata mwaka, na leo wangapi wanaomlilia Lata wanamjua mtu aliyemtungia wimbo uliomtoa? Waimbaji walipigania nafasi yao. Tuzo za Filmfare, za filamu za Kihindi, zilianza kumtambua mwimbaji wa nyuma ya pazia, yule anayeimba huku mwigizaji anachezesha midomo, mwaka 1959, na zawadi hiyo ya kwanza aliichukua Lata. Sahir naye aliishikilia redio mpaka ikakubali kumtaja mshairi pamoja na mwimbaji. Nyuma yao lakini palikuwa na pazia jingine, na hilo halikufunguliwa.

Nyuma ya hilo walikaa Wagoa. Goa ilikuwa chini ya Ureno mpaka 1961, na katika shule za parokia watoto walifundishwa kusoma noti za muziki. Walipokwenda Bombay kutafuta riziki, wakapiga kwenye mahoteli, kisha studio zikawahitaji, kwa sababu watunzi wengi wakubwa walikuwa na lahani kichwani ila hawakuandika noti. Sebastian D'Souza alifanya kazi na jozi ya watunzi Shankar-Jaikishan kwa zaidi ya miaka 20. Wao wanaleta lahani, yeye anakaa chini kuandika fidla ziingie wapi, filimbi ijibu nini, tarumbeta inyamaze lini. Ule muziki wa katikati ya beti, ambao mjomba hunyanyua kidole na kuniambia "Sikiliza hapa!", sehemu kubwa ni mkono wa watu kama yeye. Kwenye majina ya filamu, akitajwa, aliitwa msaidizi.

Kisa cha Anthony Gonsalves ndicho kinachonishika zaidi. Alikuwa Mgoa, mpiga fidla na mpangaji wa muziki, na kati ya wanafunzi wake alikuwamo kijana Pyarelal, ambaye baadaye aliunda jozi ya watunzi ya Laxmikant-Pyarelal. Mwaka 1977 Pyarelal alitaka kumpa mwalimu wake heshima, na jina Anthony Gonsalves likaingizwa katika wimbo wa kuchekesha wa filamu ya Amar Akbar Anthony. Mamilioni wakaimba jina hilo. Walidhani ni jina la kubuni. Mwenyewe alikuwa hai, na aliishi mpaka 2012.

Mwaka huo huo wa 1977, Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua kwamba mtunzi au mshairi akishalipwa kuufanyia kazi wimbo wa filamu, haki ni ya mtayarishaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Ugomvi huo ulishawagawa wakubwa wenyewe. Miaka ya 1960 Lata alidai waimbaji wapate mrabaha kila santuri inapouzwa. Rafi akaona vingine: mtayarishaji ndiye anayebeba hasara filamu ikianguka, na mwimbaji hulipwa vyovyote iwavyo, basi akishalipwa madai yamekwisha. Wakakaa miaka kadhaa bila kuimba pamoja. Nimemheshimu Rafi maisha yangu yote, na moyo wake wa kutoa unasimuliwa hadi leo, lakini hapa naona Lata ndiye aliyeona mbali. Hasara ya filamu huisha kwa msimu mmoja. Wimbo unaendelea kuuzwa miaka sabini, na sehemu kubwa ya faida yake ilikwenda kwa watu ambao hawakugusa hata kodiani. Ilibidi ifike 2012 ndipo sheria ya hakimiliki ya India ibadilishwe, baada ya Javed Akhtar, mshairi aliyekuwa wakati ule mbunge wa Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India, kuipigania. Tangu hapo mshairi na mtunzi hawawezi kusaini mkataba wa kuutupa mrabaha wao. Wengi wa wale tunaowalilia walikuwa wamekwisha kufa.

Na sisi wa pwani hatuna usafi wa kuwanyooshea wengine kidole. Mahadhi yale yaliingia kwenye taarabu yetu yakatulia kama ya kwetu. Ustadhi Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina kwa kuyaimba kwa mashairi ya Kiswahili, yakiwamo ya Ahmad Nassir. Wapo wanaosema ule ulikuwa wizi. Sikubaliani nao. Shairi lilikuwa zima, la kwetu, lenye uchungu wake, na sauti ya Bhalo haikuwa kivuli cha mtu. Mahadhi yalizaliwa mara ya pili. Ila kwenye maharusi tuliyokaa mpaka alfajiri, ni nani aliyewahi kuuliza lahani hii ni ya Naushad, ya Madan Mohan au ya Roshan? Tuliridhika kusema "ya Kihindi", kana kwamba taifa zima lilikaa chini likatunga.

Mwezi uliopita nilimkuta mjomba anacheza kaseti ya nyimbo za Nagin, filamu ya 1954. Ilipofika ile zumari ya nyoka ambayo kila mtu anaijua, akanyanyua kidole. "Sikiliza hapa. Mashine gani inaweza hii?"

Nikamwambia ile si zumari. Ni kinanda cha umeme, klaviolini, na kimechanganywa na kinanda cha mkono cha Kihindi.

Akapunguza sauti. "Cha umeme? Mwaka 1954?"

"Naam, mjomba."

Nilidhani atakasirika, au atanikatalia. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Nani aliyepiga?"

"Kalyanji."

"Yule mtunzi, wa jozi ya Kalyanji-Anandji?"

"Yule yule, kabla hajajulikana. Alikuwa mpigaji tu kwa Hemant Kumar, mtunzi wa filamu hii."

"Na kile cha mkono?"

"Ravi."

"Ravi, mtunzi wa filamu ya Chaudhvin Ka Chand?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza pale pale mara mbili, safari hii mkono wake umetulia gotini. Kisha akamwita binti yake kutoka ndani, aje asikilize.