Spika za baa zinatunyima usingizi Bamburi

Jamani, baa iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Bamburi imenichosha. Ijumaa iliyopita saa nane usiku glasi zilikuwa zinagongana zenyewe kabatini. Mwanangu akaamka, akanishika mkono: "Mama, nani anabisha mlango?" Hakuna aliyebisha. Ni besi tu, inapita ukutani hadi kifuani.

Wanaokunywa sina ugomvi nao, Mombasa watu wamekunywa tangu hapo. Mangweni, kwenye vilabu vya pombe ya mnazi, wazee hukaa na mnazi wao na mrija wa kunyonyea, wakapiga soga mpaka giza liingie, na jirani hajui hata kama wapo. Lakini spika nne zenye urefu wa mtu, zimeelekezwa madirishani mwa watu, za nini? Waliomo ndani wenyewe hawasikizani, wanaitishana bia kwa ishara za vidole!

Na sheria ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema makaazi ya watu usiku, kuanzia saa mbili, kelele zisizidi desibeli 35. Hiyo ni sauti ya mtu kunong'ona. Nimekwenda kumwomba meneja kwa adabu mara tatu. Ananijibu, "Sawa mama, tutapunguza," anapunguza, nikifika kitandani tu inapanda tena.

Juzi muadhini ameanza adhana ya alfajiri, spika bado inadunda. Saa moja mtoto anatakiwa awe darasani.