Likong'o inamsubiri nani?

Kaskazini kidogo tu mwa mji wa Lindi kuna Likong'o, eneo lililotengwa kwa mtambo wa kusindika gesi asilia iwe kimiminika na kusafirishwa kwa meli. Mtambo haupo. Kwa zaidi ya miaka kumi tumekuwa na mazungumzo, makadirio ya dola bilioni 42, na vijana waliosomea ufundi wakiutazamia. Lawama nyingi huelekezwa kwa serikali na kampuni zinazovutana kuhusu mkataba, na si lawama za bure. Lakini sehemu ya jibu iko mbali zaidi, kwenye kumbi ambamo mataifa makubwa hukubaliana kuhusu nishati na mazingira.

Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, nchi zaidi ya 30, zikiwemo Marekani, Uingereza na Ujerumani, ziliahidi kuacha kutumia fedha za umma kugharimia miradi ya nje ya makaa, mafuta na gesi isiyodhibiti hewa ukaa, mwisho ukiwa 2022. Kwetu hilo si jambo dogo. Mradi wa ukubwa huu haujengwi kwa fedha za mfukoni mwa kampuni. Benki hukopesha pale taasisi ya serikali fulani inapokubali kubeba sehemu ya hatari. Dhamana hiyo ikiondoka, riba hupanda na wakopeshaji hupungua.

Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Ulaya, iliyokuwa ikitegemea gesi ya Urusi, ikahofia baridi. Juni mwaka huohuo viongozi wa G7, kundi la mataifa saba tajiri, walikutana Elmau, Ujerumani, wakasema kuwekeza kwenye gesi kwa fedha za umma kunaweza kufaa, kwa muda. Mwezi huohuo serikali yetu, Dodoma, ikatia saini makubaliano ya awali ya mradi wa Likong'o na kampuni za Equinor ya Norway na Shell ya Uingereza. Ndipo watu wa kusini wanapouliza: mbona gesi ilikuwa dhambi ilipokuwa yetu, ikawa halali walipoihitaji wao? Nchi za G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, hutoa zaidi ya robo tatu ya hewa chafu duniani. Anayeambiwa afunge mkanda ni yule ambaye hajashiba. Hoja hiyo naikubali.

Hata hivyo siwezi kusimama upande mmoja tu, na sababu yangu ni Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, wilayani Kilwa, na Lindi na Mtwara tukabaki kisiwani. Mabasi na malori yalijipanga kila upande wa maji, abiria wamekalia mabegi yao wakitazama pale lami ilipokuwa. Bahari inavyozidi kupata joto ndivyo mvua za vimbunga zinavyozidi uzito. Pwani yetu ndiyo inayolipa wakubwa wanaposhindwa kukubaliana, kama Januari 2025 Marekani ilipotangaza tena kujitoa kwenye Mkataba wa Paris wa tabianchi. Kwa hiyo anayeombea mapatano hayo yavunjike ili Likong'o ijengwe, aikumbuke Somanga.

Tena kuna suala la soko, ambalo wapenda gesi hulipita haraka. Mtambo wa namna hii huhitaji wanunuzi kwa miaka 20 au 30. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, mwaka 2023, dunia nzima ilikubaliana kuanza kuyaacha mafuta, gesi na makaa. Januari 2021 Equinor ilishafuta kwenye hesabu zake dola milioni 982 za mradi huu. Kukabidhi mustakabali wa mkoa mzima kwa mnunuzi ambaye ameshatangaza kuwa anaondoka sokoni kunanitia hofu.

Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zinabishania gesi ya meli, huku gesi ya jikoni ikisahaulika. Jirani yangu wa Magomeni, hapa Mtwara, ana mtungi. Ameuweka pembeni, kaufunika kitambaa. Vitumbua vyake anavipika kwa mkaa. Nilipomuuliza alinijibu, "Mkaa nanunua kwa kopo, mwanangu. Gesi haiuzwi kwa kopo." Na gesi ya mtungi huo haikutoka Mnazi Bay, kwenye visima vya gesi vya hapa Mtwara, ililetwa kwa meli kutoka nje, kwa kuwa gesi yetu ni ya aina nyingine, inayohitaji bomba hadi nyumbani. Bomba kubwa linaanzia Madimba, si mbali na mji wetu, tangu 2015 linapeleka gesi Dar es Salaam. Nyumba za Mtwara zilizounganishwa bado ni chache.

Mei 2024, siku chache baada ya Hidaya, serikali na wawekezaji walikutana Paris, Rais Samia akiwa miongoni mwa wenyeviti, wakaahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati safi ya kupikia Afrika. Hapo ndipo ningependa nguvu ya wajumbe wetu iende kwanza, kabla ya kurudi kwenye mabishano ya Likong'o: wadai fedha hizo zilipie bomba dogo la mitaani, na pasipofika bomba, mtungi wenye mita, ili jirani yangu aweze kununua gesi ya shilingi elfu moja asubuhi na nyingine jioni, kama anavyonunua kopo lake la mkaa.