Deni la uji si la mtoto

Saa moja na nusu asubuhi, mstarini, mwalimu wa zamu alifungua daftari akaanza kusoma majina. Anayesikia lake anatoka mbele. Siku niliyokuwepo walitoka watoto kumi na mmoja, na mmoja wao, wa darasa la tatu, alikuwa amevuta kola ya sweta mpaka puani ili uso usionekane. Kosa lao ni kwamba nyumbani kwao hawajalipa mchango wa uji. Wakarudishwa nyumbani.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ile, na mchango huo tuliupitisha sisi wenyewe, kwa hiyo siwezi kuwatupia lawama walimu peke yao. Januari 2016 serikali ya Tanzania iliondoa ada mpaka kidato cha nne, na ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igawanye kwa siku 194 za masomo, hupati hata shilingi 52 kwa siku. Andazi moja linaipita. Na fedha hiyohiyo inangojewa na vitabu, mitihani na ukarabati. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 nao uliwaachia wazazi chakula cha wanafunzi wa kutwa.

Uji si anasa. Anayetaka michango yote ifutwe aingie darasani saa nne, aone mtoto aliyetoka kwao na chai ya rangi tupu anavyolalia dawati. Njaa nayo inaumiza akili.

Lakini aibu inaumiza pia, na hii hatuijadili. Mtoto aliyetolewa mstarini mara mbili, ya tatu haji. Anaaga nyumbani vizuri, anashinda mtoni, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro. Mwalimu wa malezi na unasihi, wa kuwashauri wanafunzi, yupo, ila ana vipindi vyake vya kufundisha, na hakuna anayemuuliza yule mtoto alianza lini kuogopa shule. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni na kutaka walimu wasishike fedha hizo, wengi tulinung'unika. Sasa naona kwa hili la walimu alikuwa sahihi: mtoto hana mfuko, deni ni la mtu mzima.

Hoja ngumu niliyokutana nayo ni hii: usipomrudisha mtoto, mzazi halipi. Ni kweli. Tulipopiga kura tukaacha kuwarudisha watoto, hata wenye ng'ombe waliacha kuleta mahindi. Ila kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja aliuliza magunia ya mwaka uliopita yalikwenda wapi, na hakuna aliyemjibu. Taarifa ya mapato na matumizi ilikuwa imefungiwa kabatini, wakati ni haki ya kila aliyechangia kuiona. Tuliibandika ubaoni, tukawaachia wenyeviti wa vitongoji wadai nyumba kwa nyumba, na asiye na mahindi akakubaliwa kuleta kuni au kupika zamu moja kwa wiki.

Baadhi walirudi kuchangia, wengine mpaka leo hawajatoa kitu. Muhula ule tulipungukiwa magunia mawili, na uji ukawa mwepesi. Kura ya kutowarudisha watoto ikipigwa tena, nitanyoosha mkono vilevile.