Platini Sifuri au Platini Mbili: Ubishi Usiokwisha juu ya Etileni na Fosfini

Chukua tetrakloroplatinati ya potasiamu, ile chumvi nyekundu ya platini, uiyeyushe katika maji kidogo, kisha uimimine polepole katika ethanoli ya moto yenye hidroksidi ya potasiamu na trifenilfosfini ya kutosha na kuzidi (ni mojawapo ya fosfini, yaani molekuli za fosforasi iliyobeba vikundi vitatu). Baada ya muda si mrefu, fuwele za rangi ya njano zitaanza kutuama. Katika fuwele hizo kila atomi ya platini imeshikwa na molekuli nne za trifenilfosfini, na changamano hii, yaani metali pamoja na molekuli zilizoishika, ilielezwa na Lamberto Malatesta na wenzake nchini Italia mwishoni mwa miaka ya 1950. Platini iliyoingia chomboni ikiwa na namba ya oksidisho (hesabu ya elektroni ambazo atomi imepoteza) ya +2 imetoka ikiwa na sifuri, na hadi hapo hakuna anayebisha. Ubishi huanza pale fosfini mbili zinapoondoka na nafasi yao ikachukuliwa na etileni, gesi ya kaboni mbili zilizounganishwa kwa bondi mbili: je, platini hapo bado ni sifuri, au imerudi kuwa +2?

Picha ya kwanza ni ya Michael Dewar, aliyeitoa mwaka 1951, na ya Joseph Chatt na L. A. Duncanson, walioipeleka kwenye platini mwaka 1953. Kwa picha hiyo, uhusiano wa metali na etileni ni nipe nikupe: etileni huipa metali jozi ya elektroni za bondi yake ya pai, nayo metali huirudishia elektroni kutoka obitali zake za d (obitali ni makazi ya elektroni ndani ya atomi au molekuli) hadi kwenye obitali tupu ya etileni, ile ambayo ikipata elektroni hudhoofisha bondi kati ya kaboni na kaboni. Etileni hubaki etileni, na platini hubaki sifuri. Wenye picha ya pili wanasema kwamba urudishaji huo umekwenda mbali mno: platini imekwisha kutoa elektroni mbili moja kwa moja, kila kaboni ina bondi yake ya kawaida na metali, na kilichopo sasa ni pembetatu ya atomi tatu yenye platini ya +2 kwenye kona mojawapo.

Wenye pembetatu wana vipimo, na vipimo vyao havipuuziki. Katika etileni iliyo huru, urefu wa bondi ya kaboni na kaboni ni kama pikomita 134. Katika chumvi ya Zeise, ambamo platini ni +2 bila shaka na imezungukwa na etileni moja na kloridi tatu, urefu huo ni kama 137, yaani etileni haijaguswa sana. Katika changamano yenye fosfini mbili unafika kama 143, na ukiweka tetrasianoetileni, yenye uchu mkubwa wa elektroni, unakaribia 149. Hidrojeni nazo zimepinda kuikimbia metali, ilhali katika etileni huru zote zimelala bapa. Tena etileni haikusimama wima kama inavyosimama katika chumvi ya Zeise, bali imelala katika bapa lilelile la platini na fosforasi mbili, kana kwamba kaboni mbili zimekwenda kuziba kona mbili za mraba ambao platini ya +2 huupenda siku zote.

Hoja hii ya bapa ndiyo huwavuta wengi, nami naona ndiyo yenye udhaifu kuliko inavyoonekana. Fosfini mbili zikiibana platini ya sifuri kutoka upande mmoja, huisukuma juu kinishati obitali ya d iliyo katika bapa lao, na hiyo ndiyo inayokuwa tayari kuliko zote kutoa elektroni zake; etileni hulala pale kwa sababu ndipo penye mgawo mkubwa. Kwa hiyo mkao uleule unaelezeka bila kuigeuza platini kuwa ya +2. Isitoshe, 143 haifiki hata 151 ya saiklopropani, sembuse 154 ya bondi moja ya kawaida.

Ukiacha vipimo ukatazama mwenendo, mizani inaelemea upande mwingine. Mimina iodidi ya methili: platini huchukua methili na iodidi, na etileni huondoka nzima, ikiwa gesi ileile iliyoingia. Leta alkini, yenye bondi tatu kati ya kaboni mbili, nayo huing'oa etileni na kukaa mahali pake. Jack Halpern na wenzake, walipofuatilia menyuko za aina hii mwaka 1968, walizieleza kwa kipande chenye platini na fosfini mbili tu, kinachojitokeza kitambo kidogo ndani ya mchanganyiko. Kitu kinachoachwa kirahisi namna hiyo ni vigumu kukiita kaboni mbili zilizokwisha kuchukua elektroni za metali.

Linganisha na oksijeni, ambayo hukaa mahali palepale na kwa mkao uleule. Urefu wa bondi yake hutoka 121 hadi kama 145, karibu sawa na ule wa peroksidi ya hidrojeni, na mwenendo wake ni wa peroksidi hasa: ikikutana na dioksidi ya salfa hutoa salfati, na ikikutana na asetoni hufunga pete ya atomi tano. Ikiwapo fosfini ya ziada, oksijeni huhamia kwenye fosforasi na kutoa oksidi ya fosfini, ndiyo maana chupa ya mchanganyiko huu ikiachwa wazi hula ligandi zake yenyewe, yaani molekuli zilizoishika metali. Hapa sioni sababu ya kusita kuandika +2. Kwa etileni, mimi naandika sifuri, nikijua kwamba mwenzangu anayeshughulika na miundo ya fuwele ataandika +2 na hatakuwa amekosea kipimo chochote. Kwa tetrasianoetileni ningemwachia.

Fosfini zenyewe zina ubishi wake. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba fosforasi hupokea elektroni katika obitali zake tupu za 3d, na wengine bado wanafundisha hivyo. Lakini mwaka 1985 Guy Orpen na Neil Connelly walilinganisha miundo ya fuwele na kuonyesha kwamba metali ikipoteza elektroni, bondi kati ya fosforasi na vikundi vyake hufupika, jambo linaloonyesha kuwa kinachopokea ni obitali ya kuvunja bondi hizo hizo. Kuhusu ukubwa, Chadwick Tolman alipima kila fosfini kwa pembe ya koni: 145° kwa trifenilfosfini, 170° kwa trisaikloheksilifosfini, 182° kwa ile yenye butili tatu za matawi, na kwa hizi mbili za mwisho platini hutulia na ligandi mbili tu. Hata hivyo msongamano hauelezi yote, kwani trietilifosfini yenye 132° nayo huachia molekuli moja kati ya nne kwa urahisi. Platini ya sifuri haioni haja ya kushikilia elektroni 18, hesabu inayojaza obitali zake za nje, ikiwa 16 zinatosha.

Ubishi huu uliibuka tena mwaka 1991, Paul Fagan na wenzake katika kampuni ya DuPont walipoichukua changamano ya etileni na kuichanganya na C60, ile molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira. Mchanganyiko wa zambarau ulibadilika kuwa wa kijani cha zumaridi, etileni ikatoka, na platini ikakaa juu ya bondi moja kati ya kaboni mbili, zikiwa zimevutwa nje ya uso wa mpira. Wengi walikuwa wakiitarajia C60 iwe kama benzini, lakini mbele ya platini ilijionyesha kuwa alkeni (ya ukoo wa etileni) yenye njaa ya elektroni, jamaa wa tetrasianoetileni. Baadaye, kwa kutumia trietilifosfini, walifanikiwa kuweka platini sita juu ya mpira mmoja.